Mteja wa kwanza amegeuka shangazi

Leo nimepoteza mteja wangu wa kwanza kwa sababu nilimutajia jina la baba yangu.

Ngoja niwaeleze.

Kila asubuhi naposti hapa picha za samaki wa moshi wa Nyangwe, huku kwetu Kasongo, hata kama hakuna mutu anayeuliza bei. Kwenye video moja ya kufundisha biashara walisema: tafuta watu wenye hamu ya kitu wanachokikosa. Nikachagua watu wetu wa Kasongo walioko Kinshasa.

Leo mama mmoja wa kule akapiga. Anataka kikapu kizima! Nikaruka kwa furaha.

Halafu akasema, "Sauti hii ni ya kwetu. Wewe mutoto wa nani?"

Na mimi, kwa heshima zote, nikajibu.

Akapiga kigelegele. "Kumbe mutoto wa kaka yangu! Basi unitumie na mutu anayesafiri. Mungu akubariki."

Bei haikutajwa tena.

Nikaenda kumulilia mama yangu jikoni. Hata hakugeuka.

"Utamuuzia shangazi yako samaki? Funga vizuri, uongeze na mawese."

Nimefunga. Nimeongeza mawese.

Nyie mnaocheka hapa, nani ameshaninunulia hata mukia?

Kesho nitaposti tena. Akipiga mwingine na kuuliza mimi mutoto wa nani, nitasema niliokotwa.