Vile joka wa game yetu aliishia kuomba kura

Wakuu, sasa. Poleni na kazi.

Leo nawaletea hii stori kama ilivyotokea, bila chumvi. Asiyeamini apande hadi kwetu Kabazi nimwonyeshe mzee wangu mwenyewe. Lakini aende akiwa na subira, kwa sababu mzee akianza kuisimulia hamalizi.

Mimi ni Kimani, nakaa Nakuru, Free Area. Kazi yangu ni ku-print kadi za harusi na mabango ya maduka. Hobby yangu ni game.

Si hizi za mpira na risasi. Mimi napenda zile za zamani za ku-click. Uko kwa ufalme fulani, unaongea na watu, unaokota kamba hapa na ufunguo pale, halafu unakaa ukifikiria vile kamba itakutoa kwa shimo. Mke wangu husema hizo ni game za wazee. Sibishani naye.

Kuna moja niliipenda sana nikiwa shule. Waliokuwa wakiitengeneza walifunga kampuni kabla ya sehemu ya tatu, na hadithi ikaachwa malkia akiwa amefungiwa juu ya mnara. Wengi walimsahau. Sisi watatu tulikataa.

Kuna mimi, ninayeandika hadithi. Kuna Barasa, mchoraji wetu, ambaye babu yake alikuja Nakuru kufanya kazi ya reli. Na kuna Zuhura wa Bondeni, mtu wa coding. Kwao walitoka pwani zamani, na Kiswahili chake kimenyooka mpaka unaogopa kumjibu.

Tukaamua kuitengeneza hiyo sehemu ya tatu wenyewe, kwa Kiswahili, bila kuuza. Jina la ile ya kwanza hatukulitumia, tusije tukaitwa kortini kwa ajili ya mapenzi.

Sasa, katika hadithi yangu kuna daraja, na kwa daraja anakaa joka. Joka ana njaa. Ukitaka kupita unampa mguu wa mbuzi ulioutoa jikoni kwa malkia. Nilitaka sauti ya mzee, nzito, ya kutisha, na sauti kama hiyo naijua moja tu.

Baba yangu akiita ng'ombe, hata wa jirani wanakuja.

Lakini haikuwa sauti pekee. Mzee alikuwa amegombea kiti cha mwenyekiti wa mradi wa maji huko kwetu, akaangushwa na jirani yetu, Mzee Gathogo. Tangu siku hiyo akaacha kwenda center, pale kwa maduka, kunywa chai na wenzake. Mama alinipigia simu akasema, "Baba yako siku hizi anaongea na ng'ombe peke yake, na hata hao anawajibu kwa mkato."

Iliniuma sana. Nikaona nikimpa kazi ya kunguruma pengine atachangamka.

Tulirekodi kwa stoo ya mahindi, maana magunia yanameza kelele. Nilimsomea maneno, naye akarudia kwa nguvu zote: "Mimi ndiye joka wa daraja! Hakuna anayepita bure! Nimengoja miaka mingi! Nataka kula!"

Kuku walitoka nje mbio. Nikamwambia mzee umeweza. Akatabasamu, kitu ambacho sikuwa nimeona kwa muda mrefu, nami nikarudi Nakuru nikijiona director mkubwa.

Tukawatumia watu wachache hiyo game wai-test. Maandishi ya chini hatukuwa tumeweka, kwa hivyo walitegemea sauti tu.

Wakuu, hakuna hata mmoja aliyevuka lile daraja.

Meseji zikaanza kuingia. Mmoja wa Kamere akaandika, "Boss, kura inapatikana wapi? Nimetafuta kwa soko mpaka kwa kisima." Mwingine akauliza kama ni lazima kwanza ajiandikishe. Mwingine alikuwa amekasirika kabisa, akasema ameingia kwa game akikimbia siasa, na siasa imemfuata mpaka huko.

Kura gani tena? Nikamsikiza joka upya. Alikuwa sawa. Nikavaa earphones nikamsikiza tena. Joka alikuwa sawa kabisa.

Zuhura alisikiza mara moja tu. Akavua earphones, akakaa chini sakafuni, akacheka mpaka mtandio ukateleza.

"Kimani," akasema, "joka lako linaomba kura."

Wale mnatoka pande zetu mmeshaelewa. Kwetu r na l ni mapacha, na mama yao mwenyewe huwachanganya. Mzee alisema "kula" vile huisema siku zote, ikatoka "kura", nami nikasikia vile nimesikia tangu nizaliwe. Barasa naye akajiunga na kicheko, huyo huyo anayesema "pado" akimaanisha bado. Nilimkumbusha.

Zuhura akasema ana mjomba mwenye sauti nzuri, angeweza kurudia hayo maneno kabla ya Jumamosi. Jumamosi hiyo tulikuwa tumepewa ukumbi mjini tuonyeshe watu game yetu. Nikakubali haraka.

Mjomba hajajibu, mama akapiga simu. Alikuwa anacheka.

"Baba yako amerudi center! Ameambia kila mtu yeye ni joka. Wanakuja na yeye Jumamosi. Hata Gathogo anakuja."

Nikaanza kupiga hesabu. Nikimtoa, atafika na marafiki wake wote asikie sauti ya mtu mwingine. Nikimwacha, ukumbi mzima utamcheka mbele ya yule aliyemshinda, halafu arudi kwa ng'ombe wake na safari hii asitoke tena. Niliogopa, sitawaficha.

Barasa alikuwa anakula chipsi akituangalia. Akauliza, "Kwani lazima huyo joka akule? Si apewe tu hiyo kura?"

Zuhura akanitazama, nami nikamtazama.

"Kubadilisha puzzle ni rahisi," akasema, "kuliko kubadilisha mzee."

Basi mguu wa mbuzi tukauacha uwe wa kudanganya watu. Barasa akachora sanduku la kura kando ya daraja, na karatasi ya kura tukaificha chini ya sahani ya malkia. Ilibaki shukrani ya joka. Nikampigia mzee nikamwomba anitumie kwa WhatsApp maneno haya: "Asante kwa kura yako. Pita, raia mwema." Akatuma saa hiyo hiyo, bila swali hata moja. Nami kwa haraka zangu sikujiuliza mbona hakuuliza.

Jumamosi ikafika. Mzee akaingia amevaa koti lake la kanisa, nyuma yake wazee wa center, na Mzee Gathogo katikati yao. Barasa ni mchokozi. Alitafuta mtu wa kujaribu game mbele ya watu, na kati ya watu wote waliokuwa humo akamchagua Gathogo.

Gathogo akakaa, akashika mouse kama jembe. Akatembea mpaka kwa daraja.

"Nataka kura!"

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Nilimwangalia baba yangu. Hakuwa anacheka. Alikuwa ameinama mbele, macho kwa screen.

Gathogo akampa joka mguu wa mbuzi. Joka akakataa. Akampa dhahabu, akampa upanga, akampa hata kofia yake. Joka ni kura tu. Watu wakaanza kupiga kelele, "Mpe! Mpe!" Mwisho Gathogo akarudi jikoni, akainua sahani, akaipata ile karatasi, akaja nayo polepole na kuitumbukiza kwa sanduku.

"Asante kwa kura yako," joka akanguruma. "Pita, raia mwema."

Mzee wangu akasimama. Akavua kofia.

"Gathogo! Kumbe unajua kunipigia!"

Gathogo alicheka mpaka akaachilia mouse. Wakashikana mikono pale mbele, wakashikilia, na mimi nikajifanya natafuta waya chini ya meza kwa sababu macho yalikuwa yameanza kunisaliti.

Tukitoka nje nilishindwa kuvumilia. Nikamwambia, "Baba, lakini mimi nilikuwa nimeandika joka anataka kula. Ya chakula."

Akanitazama kama mtu mwenye mtoto mzito wa kuelewa.

"Kwani ziko mbili?" akasema. "Mtu akipata kura, si anakura?"

Wakuu, mpaka leo sijui kama mzee alikuwa ananichezea. Zuhura naye alikuwa amesimama karibu, na hata yeye na Kiswahili chake hajui.

Funzo nililopata ni dogo. Kabla hujakimbia kumrekebisha mtu, angalia kwanza kama hadithi yako haiwezi kumfuata yeye. Yetu ilimfuata mzee, ikawa tamu kuliko ile niliyoandika.

Siku hizi anakunywa chai center na Gathogo, na wanabishana kuhusu maji kama kawaida.

Haya, nyinyi nao tupeni zenu: ni neno gani la kwenu limewahi kuwaingiza kwa shida? Na wale mtakaocheza, mkifika kwa daraja msihangaike na mbuzi. Mzee hataki nyama.