Jiwe la Koko Kwenye Njia ya Mlima

Koko, mama mzazi wa baba yangu, ana magoti mawili na yote yamegoma. Zamani alinipandisha mara nyingi ile njia inayoanzia nyuma ya nyumba za Kasenga na kukata mlima mpaka juu. Katika usichana wake, wanawake waliipanda na ndagala, dagaa wa ziwa letu, wakavu, wakashuka na maharagwe. Katikati ya mwinuko kuna lundo la mawe. Kila anayepanda huokota jiwe huku chini, hulibeba, hulitua pale, na uchovu wake hubaki nalo. Mawe ya mama yake Koko yamo humo.

Nilipokuwa na miaka tisa, nilimfichia jiwe kubwa kama kichwa cha mbuzi, lenye mstari mweupe, chini kabisa ndani ya kitunga chake. Alilibeba mpaka kwenye lundo, akihema na kuvilaumu viazi vitamu kwa uzito. Alipolikuta nilijiandaa kutoroka. Yeye alicheka mpaka akakaa chini.

"Shetani mudogo! Leo nimebeba kuchoka ya mwaka muzima," akasema, akalitua juu kabisa ya lundo. Tukala viazi vyetu tukiangalia ziwa, mitumbwi midogo kama punje za mchele, na milima ya Burundi ng'ambo. Sijawahi kula viazi vitamu vizuri hivyo tena, na nimejaribu sana.

Mwaka huu mvua iliporomosha mlima. Watu wakasema njia imekwisha. Koko akawa anaacha sahani nusu, na kila asubuhi ni swali lile lile: "Lundo ingali iko?"

"Minye nitaenda kuangalia," nikamwambia.

"Weye? Weye ulisemaka ku masomo kama nilikufa, juu ya kukimbia mutihani!"

Kweli. Nilimuua mara mbili, tena kwa mwalimu yule yule.

Basi ilibidi nirudi na ushahidi. Telefone ya dada ya kupigia picha nisingepewa, tangu niiangushe ziwani. Jumapili, baada ya misa, nilipanda. Pale njia ilipokatika nilitambaa kama mjusi. Lundo lilikuwepo, limemeguka upande mmoja, na jiwe letu limebingirika kando, na ule mstari wake mweupe. Nikalitia begani. Nilishuka nikijitukana kila hatua: kwa nini sikuchagua dogo siku ile?

Koko alipapasa ule mstari. Kisha akanipiga kofi la mgongo.

"Mujinga weye! Jiwe ya lundo haishukake! Umeniletea kuchoka yote mu nyumba!"

Lakini aliweka nyayo zake juu ya jiwe, akaitisha kiazi kitamu, akakimaliza, akaitisha kingine.

"Kesho unairudisha kwa mama yangu."

"Kesho ni masomo, Koko."

Akatafuna kwanza.

"Utawaambia nimekufa tena."