Pini Midomoni mwa Mama

Domo alishuka basi mbele ya jengo la vioo ambalo hakuwahi kulitia machoni, akasimama kwanza avute pumzi na ajue mlango uko wapi, maana ukuta mzima ulikuwa kama mlango. Miaka ile alipoifanyia kazi kampuni hii, studio yao ilikuwa nyuma ya maghala ya mbao, mtu anaingia na vumbi la msumeno kichwani. Sasa walikuwa wamehamia huku, kwa watu wa tai.

"Unamtaka nani, mama?" mlinzi akamuuliza.

"Mwanasheria wa kampuni ya mwanasesere."

"Yule mwanasesere wa hospitali? Anayesema na viziwi?" Mlinzi akacheka, akapeleka vidole viwili kwenye pembe ya mdomo, akavivuta nje kama mtu anayechomoa kitu. "Mama! Si ndivyo? Nilimpeleka mtoto kliniki, nikaiona kwenye kioo cha televisheni, nikaikamata hapo hapo. Rahisi kweli."

Domo alihisi kama amepigwa kofi na mtu anayemsalimia. "Ndivyo," akasema, akaingia kwenye lifti.

Jina la Domo ni la nyumbani. Dada yake, aliyemtangulia kuzaliwa, alikuwa kiziwi tangu tumboni, na Domo alipojua kusema akajikuta anasema ya watu wawili: sokoni, kwa daktari, kwa jirani aliyekuja kushtaki dirisha lililovunjwa. "Huyu mtoto ana domo," watu wakasema, na jina likamganda hata mumewe, alipokuwa hai, hakumwita vingine. Ukubwani alilifanya kazi. Alisomea, akapata cheti cha chama cha wakalimani wa lugha ya ishara, akawa mtu wa kusimama kati ya daktari na mgonjwa kiziwi, mikono ikienda mbio kama ya mtu anayeanua nguo mvua ikikaribia.

Mama yao alikuwa fundi cherehani. Akimpima mteja nguo, pini alizibana midomoni, na mwenye pini midomoni hasemi. Ukimuuliza jambo, anakujibu kwa nyusi. Watoto wakigombana, anawanyoshea rula. Dada, angali mdogo kabisa, aliipenda saa hiyo kuliko zote, kwa sababu ndiyo saa ambayo mama alikuwa kama yeye: hana sauti, ana macho na mikono tu. Ndipo akamtungia jina. Vidole viwili kwenye pembe ya mdomo, halafu vuta, kama unachomoa pini. Huyo ndiye mama. Hakuna aliyemfundisha. Baadaye alipopelekwa shule ya viziwi alipewa ishara nyingine, ya watu wote, kiganja kifuani, akaipokea na kuitumia kwa mama wa wenzake. Ya pini ilikuwa ya mama mmoja, na walioijua ni watatu. Mama alipozikwa wakabaki wawili.

Sisi wenye masikio hatuwezi kulipima hilo sawasawa. Kwetu muuza mboga ni mama, mbunge ni mama, hata binti mwenye ndoo kichwani tunamwita mama ili atupishe njia. Neno limetanuka kama kapu la soko. Dada alikuwa na lake ambalo halikuwahi kutanuka.

Kampuni ilipomtafuta Domo ilikuwa bado changa. Walimvika suti nyeusi ya kubana yenye vidoa vya kung'aa, wakamzungushia kamera, wakamwomba ayaseme kwa mikono maneno yote ya hospitali. Mashine ingeichukua mienendo yake na kumpa mwanasesere wa kwenye kioo, naye angewahudumia viziwi hata pale ambapo hakuna mkalimani. Domo aliiheshimu kazi hiyo. Alikuwa amewaona viziwi wakirudi nyumbani na dawa ya mtu mwingine.

Siku moja, akiwa amechoka na suti inamkaba, ikaja sentensi: "Mama, subiri hapa." Mkono haukwenda kifuani. Ulipanda wenyewe hadi mdomoni, ukachomoa pini. Vijana wa kamera hawakujua tofauti. Domo alijua. Alijitazama kwenye kioo cha studio, akamwona mama yake mzima mzima, na badala ya kusema "turudie," alisema moyoni: mwache abaki. Kila hospitali atakuwepo. Dada atafurahi.

Dada hakufurahi. Alikwenda kupimwa presha, siku ambayo zamani Domo angeitwa kumkalimania. Siku hizi hakuitwa tena, kwa sababu mwanasesere haumwi mgongo wala hadai nauli. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na Domo hakuomba pole ya mtu. Dada aliporudi aliketi, akavua viatu, akakunjua mikono.

"Mwanasesere wako ana kiuno," mikono ikasema. "Wewe ulikipata lini?"

Domo alicheka. "Wameniongezea, dada. Ni zawadi ya kampuni."

"Na mama yangu, wamempata wapi?"

Kicheko kikakatika.

"Foleni nzima ilikuwa inachomoa pini," Dada akasema. "Nesi. Mtu wa kufagia. Mlevi mmoja mwenye bandeji. Mwanamke ambaye hanijui wala simjui ananiita mama kwa pini ili nimsogezee mkoba. Domo, maneno yangu yote nimepewa. Mengine na shule, mengine na chama, mengine na wewe. Moja tu nilitunga mwenyewe."

"Nilidhani utapenda."

"Ulinidhania. Kama kawaida yako."

Kisha akaingiza mikono katika mifuko ya gauni na kugeuza uso. Wenye masikio wakinuniana, angalau mmoja anaweza kusemea mgongo wa mwenzake, maneno yakaingia hata kwa kulazimishwa. Kiziwi akishageuza uso, huna pa kumpitia. Domo alizunguka akasimama mbele yake, Dada akageukia upande mwingine. Akazunguka tena. Wangecheka, kama ingekuwa siku nyingine. Siku zikapita hivyo, mikono ya Dada ikitoka mfukoni kwa ajili ya sindano ya kushonea na sufuria tu.

Hiyo ndiyo safari iliyompandisha Domo kwenye lifti ile. Alitaka pini zirudi nyumbani, ili mikono itoke mfukoni.

Mwanasheria alikuwa binti mdogo, mwenye adabu, aliyeinuka kumvutia kiti. "Mama, mkataba wako nimeusoma, nikaurudia. Ulitupa mienendo yote iliyonaswa, mahali popote, kwa chombo chochote kilichopo na kitakachobuniwa. Kitakachobuniwa, mama! Hata mimi niliogopa."

"Mienendo yangu nilitoa, sikatai. Hiyo moja si yangu. Ni ya dada yangu."

"Ana hati yoyote?"

"Aliitunga hajashika hata kalamu, mwanangu. Hati angeandika na nini?"

Binti alitabasamu, halafu akajutia tabasamu lake. "Ingekuwa wimbo, tungekaa mezani. Ingekuwa sura au sauti, kuna sheria inajadiliwa. Lakini ishara, tena moja? Neno halina mwenyewe. Mtu akilitunga leo mtaani, kesho kila mdomo unalo. Nimetafuta kesi ya namna hii hapa na nchi za nje, sikuona. Biashara hii inakimbia, na sisi wa sheria tunaifuata tukiwa tumeshika viatu mkononi."

"Kwa hiyo nirudi na nini nyumbani?"

Binti alifunua tena mkataba. "Iko njia moja, na siipendi. Ulituhakikishia kwamba kila ishara ni ile inayotambuliwa na chama. Ukiandika kwamba hii haitambuliki na kosa ni lako, lazima tuiondoe, hospitali zisije zikatushtaki kwa kuziuzia kitu kibovu. Ila chama nacho lazima kiarifiwe."

"Na chama kitanifutia cheti."

"Sijaona wakisamehe. Nenda kalale nalo, mama. Ulizungumze na dada yako."

"Dada hazungumzi. Ndilo lililonileta." Domo akanyoosha mkono. "Nipe kalamu."

Chama kilifuta cheti chake kwa maneno ya heshima tele. Hakulia. Alikuwa anangoja jambo jingine, na lilipofika alikwenda mwenyewe hospitali kulishuhudia. Alisimama mbele ya kioo kama mtu anayempokea mgeni. Mwanasesere akasema dirisha la dawa liko wapi, akasema vua shati, akasema pumua. Kisha: Mama, subiri hapa. Kiganja kifuani.

"Asante," Domo akamwambia, kwa sauti, watu wakamtazama. Akageuka kwenda kumweleza Dada, na ndipo alipouona ukuta.

Kampuni ilikuwa imejikinga. Palikuwa na bango kubwa, jipya, chini ya plastiki ngumu: uso wa mwanamke, vidole viwili kwenye pembe ya mdomo, na juu yake mistari miwili minene, myekundu, iliyokatana kama mkasi. Chini yake waliandika: Ishara hii ni kosa. Haitambuliki. Tafadhali isitumike. Mchoraji alikuwa na mkono mzuri. Vidole vilikaa sawasawa kabisa, kama alikuwepo chumbani mwa mama akiona pini zikichomolewa.

Domo alitia ukucha kwenye pembe ya plastiki.

"Usibandue, mama," nesi akamwambia kwa upole. "Ni agizo. Wameweka kila hospitali."

Njia nzima aliomba Dada asiwe ameliona. Lakini presha haina likizo, na Dada alikuwa ametoka kupimwa asubuhi ya siku hiyo hiyo. Domo alimkuta chumbani, begi liko wazi juu ya kitanda, anakunja nguo. Alipomwona mdogo wake, aliacha kukunja. Mikono ikainuka, ikasema, na kwa kitambo kidogo sana Domo alifurahi tu kuiona inasema.

"Nimeliona bango."

"Niliwaambia kosa ni langu," Domo akajibu haraka haraka. "Wamenifutia cheti. Nilitaka waiondoe, ikurudie wewe. Sikujua watabandika, dada. Haki ya Mungu sikujua."

"Najua hukujua." Uso wa Dada haukuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha. "Mwenzetu mmoja alikuwa amesimama pale, kiziwi, mgeni. Akaniuliza, kosa lenyewe liko wapi? Vidole vimekaa vibaya, au ni mdomo? Mimi nimsahihishe. Mimi."

"Wao wasituhusu. Tuko wawili tunaoijua. Tulikuwa wawili siku zote."

"Haya. Iseme."

Domo akapeleka vidole kwenye pembe ya mdomo. Alitaka kumwona mama, rula mkononi, nyusi juu. Akaona mistari miwili myekundu. Vidole vikabaki hapo, havikuvuta.

"Umeona," Dada akasema, akarudi kwenye nguo zake.

Alikuwa anakwenda mji mwingine, kwa rafiki aliyesoma naye, aliyefungua chumba cha kushona sare. Mafundi wote huko ni viziwi. Alieleza hayo huku akifunga begi, akamaliza kwa kusema kwamba huko hatahitaji domo la mtu. Hakukusudia kuchoma.

"Na cherehani?" Domo akauliza.

"Cherehani ya mama ibaki kwako," Dada akasema, na mama alimsema kwa kiganja kifuani, kama alivyokuwa akisema mama wa wenzake.

Kule stendi kulikuwa na kelele kama kawaida. Watu walipiga vioo, wakapaza sauti wakiwaagiza wanaosafiri wasisahau hiki na kile, na wa ndani wakaweka mikono masikioni wakijibu "Eee? Unasemaje?" Wakati wowote mwingine, Domo na Dada wangewaonea huruma watu hao. Wao kioo hakikuwahi kuwazuia. Safari zote waliagana kwa mikono mpaka basi linakata kona, na hata umbea uliobaki waliumalizia hapo. Leo Dada aliketi upande wa pili, kiti cha ndani, begi mapajani.

"Unamsindikiza nani, mama?" mpiga debe akamuuliza Domo.

"Dada yangu. Yule wa kitambaa cha kijani."

"Sasa mbona umesimama kama nguzo ya umeme? Mwite! Linaondoka hili." Alipoona hamwiti, alimsaidia, kwa moyo mweupe kabisa. Akakunja viganja mdomoni. "Wewe dada wa kitambaa cha kijani! Unaitwa huku!"

Abiria karibu wote waligeuka.

"Ana maringo huyo," mpiga debe akasema.

"Hapana," Domo akasema. "Hasikii."

Basi likarudi nyuma, likajinyoosha, likatoka getini. Domo alibaki pale pale, mpaka mpiga debe akamshika kiwiko na kumwomba asogee, kuna jingine linaingia.