Dirisha Lililopanda Mlima kwa Kipoyi

Mume wangu ni seremala, ana karakana yake hapa Songo, mjini Uvira, na mimi ndiye mdomo wa karakana hiyo. Yeye anaranda mbao, mimi nabishana na wateja. Siku hizi ninachokipigia debe ni dirisha la vioo viwili: kioo, nafasi ndogo ya hewa kavu iliyozibwa pande zote, halafu kioo kingine. Jua likipiga nje, joto linachelewa kuingia. Baridi ikiwa nje, joto la ndani haliponyoki ovyo. Nikianza kueleza, watu wa mtaa wa Mulongwe wanacheka mpaka wanashika mbavu.

"Mama, siye tuko tunaungua huku, weye unatuuzisha blanketi ya vitre, ya vioo?"

Nawauliza muuza barafu anaifunika barafu yake kwa gunia kwa nini, ili ipate joto? Hapo wanakubali, lakini hawanunui.

Dirisha la kwanza tulilomaliza halikuwa la mteja. Lilikuwa la mama mkwe wangu, anayeishi milimani, juu zaidi ya Lemera, mahali ambapo gari halifiki. Chumba chake kilikuwa na dirisha la mbao lenye nyufa, na upepo wa kule hauna huruma. Kwa hiyo kila jioni aliingiza mbabula, jiko lake la makaa, chumbani, akafunga mlango, akalala nayo. Kifua kikaanza kumbana. Muuguzi alimwambia waziwazi kwamba hewa ya makaa inaua mtu usingizini. Tukamwomba ashuke akae nasi.

"Minye? Ku Uvira?" alisema, akikumbuka mafuriko ya kwetu. "Kule maji inaingia mu nyumba ya muntu bila kupiga hodi."

Mume wangu ni kitinda mimba wake. Simu ikilia alfajiri, aliiacha ilie kwanza, akiogopa ni habari ya kifo cha mama yake. Nilimwonea huruma mpaka nikakasirika.

Basi tukatengeneza dirisha, upande mmoja unafunguka, maana majirani wa kule wakienda shambani husalimia wazee dirishani. Tatizo likabaki moja, na lilikuwa kubwa: chumba kikishazibwa vizuri hivyo, mbabula ndani yake ni hatari kuliko zamani. Akipokea dirisha, lazima aachane na mbabula. Akificha mbabula chini ya kitanda, tutakuwa tumempelekea kifo kilichopigwa randa. Nasi tulimjua, haambiliki.

Gari lilitufikisha Lemera. Kutoka pale ni njia ya miguu, na vioo havibebwi kichwani kwenye kilima chenye upepo. Mume wangu akaazima kipoyi, ile machela ya miti ambayo watu wa milimani hubebea wagonjwa. Tukalaza dirisha katikati ya magodoro mawili membamba, nikayafunga kwa vitenge vyangu. Mume wangu akashika mbele, mpagazi tuliyemkodi akashika nyuma.

Hatukufika mbali. Wanaume wawili waliokuwa wakiteremka walivua kofia. Kule ukikutana na kipoyi hupiti tu. Unatoa bega lako.

"Pole, mama. Nani iko mugonjwa?"

"Haiko muntu," nikasema. "Iko dirisha."

Mmoja alicheka mpaka akakaa chini. Mwenzake hakucheka. Alimtoa mume wangu kwenye mti, akaingiza bega lake. "Kipoyi ni kipoyi," akasema. "Twende."

Kila baada ya kona tulipata wengine, wakapokezana, na mimi nikachoka kueleza. Huenda wapo ambao mpaka leo wanadhani walibeba mgonjwa. Sura zao zimenitoka, lakini hakuna siku ninayosali bila kuwashukuru. Bila wao tungeacha vioo vyetu njiani. Mume wangu alibaki nyuma na mfuko wa vifaa, akasimama kijitoni kunywa maji.

Mama mkwe alikuwa uani akipeta maharage. Akaona kipoyi kinapanda, wanaume wako kimya kwa sababu ya mlima, mimi natembea kando yake nimejifunga kitenge kichwani, na mwanawe hayupo. Ungo ukamtoka mikononi.

"Mutoto wangu!"

Sikujua miguu yake ingali na mbio kiasi kile. Alijitupa juu ya magodoro, akayapapasa akitafuta uso. Nikapiga kelele kwamba ni dirisha, kwamba mwanawe yuko nyuma, anakuja. Hakusikia neno. Alisikia tu pale mume wangu alipotokea njiani akamwita. Alimpiga ngumi za kifua, akamkumbatia, kisha akanigeukia mimi.

"Weye! Unaniletea dirisha kama maiti?"

Nilipaswa kuomba radhi, na baadaye niliomba. Lakini mdomo wangu ulitangulia.

"Mama, vile umesikia sasa mu roho, yeye anasikia vile kila mara simu inalia."

Alimtazama mwanawe. Mwanawe alitazama chini. Mama mkwe alirudi uani, akaanza kuokota maharage yake.

Dirisha liliwekwa kabla ya giza, na wabebaji walikula wakashiba. Mume wangu alimwomba mama yake mbabula ibaki jikoni. "Tutaona," alisema, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango.

Asubuhi nilimkuta mume wangu amelala kwenye mkeka mbele ya mlango huo, sikio kwenye uwazi wa chini. Alikuwa amekesha akisikiliza pumzi za mama yake, usingizi ukamshinda kunakucha. Nikasimama pale nikiogopa kugusa kitasa.

Mlango ukafunguliwa kutoka ndani. Mama mkwe alisimama kwa miguu yake, blanketi mabegani, macho makavu, hakohoi. Nyuma yake mwanga ulikuwa umejaa mpaka kitandani, na hakukuwa na mbabula popote. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, nikainama nimwamshe mume wangu aone.

Mama mkwe alinishika mkono. Alivua blanketi lake, akamfunika mwanawe taratibu mpaka shingoni.

"Umuache alale," alininong'oneza. "Ni siku mingi hakulala."