Kijiti cha Kupimia Kadi

Nilikosa usingizi kwa sababu ya kadi ya picha, kile kipande cha kompyuta kinachopeleka picha kwenye skrini. Kompyuta kuukuu aliyoniachia shangazi haikuonyesha chochote kwenye skrini, na fundi wa kompyuta mjini Kapkatet alikuwa na kadi mbili tu za zamani. Niliogopa kwamba nikilazimisha isiyofaa nitavunja ubao mkuu wa kompyuta, na ubao mwingine kama huo haupatikani.

Asubuhi nilimwona mchuma chai akilaza ufito juu ya michai ili achume kilichochomoza tu. Nikakumbuka mchana mmoja wa utotoni, skrini ileile ilipokufa mara ya kwanza.

Shangazi Chelang'at, karani wa kiwanda cha chai, aliifungua kompyuta mezani. Ilinuka vumbi la majani makavu. Kando yake kulikuwa na kadi mbili alizoazima.

"Weka hiyo kubwa, senge," nilimwambia, kama tumwitavyo shangazi kwa lugha ya kwetu. "Ina vitu vingi."

"Wewe nawe! Hii ni ugali, uchague kubwa?"

Akavunja kijiti cha mchai, akapima mwanya wa kadi ulio ubaoni, kisha meno ya kila kadi yanayoingia humo. Ile ndogo ndiyo iliyolingana, na skrini ikawaka. Nilidhani kijiti ndicho kilichoiponya, nikakificha ndani ya Biblia yangu.

Sasa najua urefu pekee hautoshi. Hata pengo lililo katikati ya meno lazima lilingane na kizuizi kilicho ndani ya mwanya. Nikavunja kijiti kingine, nikapima mwanya, nikatia alama ya pengo kwa ukucha, nikaenda kwa fundi. Kadi moja ililingana. Nikainunua, nikaipachika, nikawasha, na skrini ikawaka.