Munawe kwanza

Sabuni haiondoi harufu ya ndagala, visamaki vya ziwa letu, vidoleni. Leo nimenawa mara mbili, na bado ipo. Ndipo nikamkumbuka karani aliyeshuka ufukweni kwetu na karatasi ya Wazungu, wakati wanawake wakianika ndagala mchangani. Kwetu mgeni hasemi kilichomleta kabla ya kula. Mama alimnawisha, akampa bugali na ndagala. Aliposhiba ndipo akasoma: kuanika samaki karibu na ofisi ni marufuku, harufu yake inasumbua.

“Karani wetu,” mama alisema kwa upole, “hiyo harufu sasa iko mu vidole vyako. Ofisi utaifungua na mikono ya nani?”

Wanawake walicheka. Karani naye akacheka. “Mama, miye natumwa tu.”

“Basi na sisi tunakutuma. Uwaambie watuonyeshe mchanga mwingine, tutahama leo. Wasipotuonyesha, ndagala zitaoza na watoto watakosa chakula. Hatutoki.”

Karani alikunja karatasi, akashukuru kwa chakula.

Kesho yake asubuhi alirudi na askari wawili. Ndagala zilikuwa zimetandazwa tayari, mahali palepale. Mama aliwatazama, kisha akaniagiza beseni kubwa zaidi.

“Karibuni,” aliwaambia. “Munawe kwanza.”