Thomas Hakumsahau Dada Yake

Siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu, naikumbuka kwa baridi yake. Ilikuwa Quakers Hill, pembeni mwa jiji la Sydney, mwaka wa pili wa korona, wakati nywele zangu hizi zilikuwa nyeusi bado na magoti yangu hayajajua kulalamika. Nilikuwa nimeketi mbele ya kompyuta ya mzee mmoja wa Kizungu, barakoa usoni, na kwenye kioo palikuwa na jina alilolitafuta miaka mingi. Nililiona. Kisha nikamwambia halipo.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, maana habari ikianzwa katikati humchanganya msikilizaji.

Kazi yangu ilikuwa kutunza wazee majumbani. Mzee huyo aliitwa Les, nami aliniita Connie, maana Conso, jina langu la nyumbani, lilimshinda. Mkewe alikuwa amefariki, binti yake wa pekee alikuwa Perth, upande wa pili wa nchi, na mipaka ya majimbo ilikuwa imefungwa, hivyo hata akitaka kuja asingeweza. Macho ya Les yalikuwa yameingia ukungu. Nikishamwogesha na kumpa chai, chai yao ile ya kumiminiwa maziwa baridi, Mungu awasamehe, nilikuwa namsomea mambo kwenye kompyuta. Alikuwa anawatafuta watu wa ukoo wake waliobaki Uingereza. Wenzetu hawa wana maajabu yao. Sisi ukituuliza babu wa babu yako ni nani, tunakutafutia bibi mmoja anayejua, tena uombe umkute ameamka vizuri. Wao, padri wa kila kijiji aliandika nani kabatizwa, nani kaoa, nani kazikwa, na kila baada ya miaka kumi serikali ilipita nyumba kwa nyumba kuhesabu waliomo. Maandishi hayo yamepigwa picha, na leo unayasoma ukiwa jikoni Sydney huku sufuria iko motoni.

Aliyekuwa akitafutwa ni mtu aitwaye Thomas. Les alilelewa na bibi yake, Hannah, ambaye alikuja Australia akiwa msichana kufanya kazi za ndani. Huko kijijini kwao Uingereza alimwacha mdogo wake wa mwisho, Thomas, mtoto aliyembeba mgongoni mpaka akajua kutembea. Kila Krismasi Hannah alimfumia soksi na kumtumia, akikisia mguu umekua kiasi gani. Wazazi walijibu kwamba soksi zimefika, Thomas anasalimu. Wazazi walipokufa, salamu zikakatika. Hannah aliandika tena na tena, asijibiwe. Alizeeka akisema mdogo wake ameota pembe, amemsahau. Alikufa akisema hivyo, na Les, mtoto mdogo wakati huo, akalisikia neno hilo likamkaa moyoni mpaka uzeeni. Alitaka kujua jambo moja tu kabla naye hajaondoka: ni kweli yule mtu alimsahau bibi yake?

Mimi nilimpata Thomas kwenye sensa moja, ana miaka minne, yuko na wazazi na dada yake. Kwenye sensa iliyofuata nyumba ni ile ile, wazazi ni wale wale, Thomas hayumo. Tulimtafuta jeshini, tukamtafuta kwenye ndoa za vijiji vya jirani, tukamtafuta mpaka Les akaanza kumkasirikia kana kwamba anajificha makusudi. Ndipo siku ile ya baridi nikafungua ukurasa wa mazishi wa kanisa lao, nikamwona. Thomas, umri miaka tisa. Alizikwa miezi michache tu baada ya dada yake kupanda meli.

Soksi zile zote, mwanangu, walikuwa wakizipokea wazazi wa marehemu.

Nilimtazama Les alivyoinamisha sikio akingoja, mzee wa watu, peke yake katika nyumba kubwa, nikashindwa kusema. Sikuwa na ubaya wowote. Nilifanya kama nilivyolelewa. Kwetu Burundi, hata katika kambi ya wakimbizi ya Kibondo nilikokulia, mtu haambiwi msiba akiwa peke yake. Kwanza watatangulia majirani. Atakuja pasta, atasema alikuwa anapita tu. Mama mmoja mwenye kifua cha kutunza siri atakaa ubavuni mwako na kukuomba chumvi. Nyumba ikishajaa, ndipo mkubwa wa ukoo atakohoa, na wewe utajua, na ukianguka kuna mikono. Kumrushia mtu kifo akiwa peke yake ni ukatili. Sasa Les ningemwitia nani, na serikali imekataza watu kutembeleana? Nikasema, "Leo hayumo, Mzee. Tutajaribu tena wiki ijayo."

Wakati huo huo mimi mwenyewe nilikuwa na kinyongo changu. Nilikuwa nimemnunia mama yangu.

Mama aliishi Makamba, kwetu Burundi, na mdogo wangu Espérance. Mimi nilikuwa nimepanga chumba Auburn, humo humo Sydney, juu ya duka la nyama, na kaka yetu Désiré alikuwa akifanya kazi ghalani Port Botany na kuishi huko huko upande wa pili wa jiji. Kabla ya jiji kufungwa tulikuwa tumegombana na mama kwenye simu. Alitaka niolewe na kijana fulani wa kanisani kwetu, nami nikamjibu kwa mdomo mrefu ambao leo sitaurudia. Baada ya hapo, kila nikipiga, Espérance anasema mama amelala. Kesho yake, mama yuko kanisani. Keshokutwa, mtandao mbaya. Nikajiambia, kumbe mama ananiadhibu. Basi nami nikaacha kupiga. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini mimi katika kimya kile nilisikia hasira tu, kwa sababu hasira ndiyo niliyokuwa nayo.

Wiki iliyofuata Les aliniuliza tena. Nikasema tena hayumo. Akasema taratibu, "Basi alimsahau. Alikua, akaoa, akavaa soksi zake, akamsahau." Akasema hataki kutafuta zaidi, nizime kompyuta. Uso wake ulikuwa umebadilika, ukawa mgumu, na nikajua sasa atakufa na neno lile lile alilokufa nalo bibi yake. Asiyekuwepo na lake halipo, mwanangu. Mtoto wa miaka tisa alikuwa akihukumiwa kwa mara nyingine, na shahidi wake wa pekee nilikuwa mimi.

Nikavuta kiti, nikamwambia. Nikamsomea jina, umri, mwezi na mwaka, yote.

Les aliniomba nisome mara nyingine. Akauliza meli ya bibi iliondoka mwezi gani, ingawa alijua. Kisha yule mzee akamlilia mtoto aliyekufa kabla hata baba yake Les hajazaliwa. "Hakumsahau," alikuwa akisema. "Hakumsahau, maskini wa Mungu."

Alipotulia aliniuliza kama nilijua tangu wiki iliyopita. Nikakubali. Nikamweleza mila yetu, ya majirani na pasta na mikono ya kukudaka. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Halafu akasema, "Connie, mila yako ni nzuri kuliko yetu. Lakini mimi niko peke yangu kila siku. Ukingoja mpaka nipate watu, utaniambia nikiwa jenezani." Akaongeza, "Na wale wazazi nao walimpenda Hannah. Walitaka kumkinga, msichana yuko ng'ambo, hana mtu. Wakamfanya achukie maiti maisha yake yote."

Nikayarudia maneno yake moyoni. Msichana yuko ng'ambo, hana mtu. Mama amelala, mama yuko kanisani, mtandao mbaya.

Niliomba ruhusa, nikatoka nyuma ya nyumba penye kamba za nguo, nikampigia kaka yangu. Alipokea, na nyuma yake mashine za ghalani zilikuwa zinalia.

"Désiré, mama alikufa lini?"

Mashine zililia, zikalia.

"Nani amekuambia?"

"Wewe. Sasa hivi."

Akaanza kulia, mwanamume mzima, katikati ya shift. "Conso, usikasirike. Imefika karibu mwezi. Tulisema tungoje lockdown iishe, tukuje wote kwako na pasta. Tungekuja, police wangetupiga fine. Na kwa simu je? Ungelia na nani pale kwa chumba?"

"Aliniulizia?"

"Kila siku. Aliuliza kama umepiga. Lakini ile ugonjwa, yeye mwenyewe alikataza usiambiwe. Alisema uko peke yako, acheni mtoto afanye kazi yake."

Mama yangu alikuwa kitandani akiulizia simu yangu, na mimi nilikuwa Auburn nimekunja uso, nangoja aanze yeye kuomba radhi. Na alipokwisha kuzikwa niliendelea kumnunia, siku baada ya siku, nikipika, nikipanda treni, nikimnunia marehemu. Naweza kusamehe kila mtu katika jambo lile. Kaka yangu nilimsamehe kabla hajakata simu. Siku zile tu ndizo sijui nizipeleke wapi, hata leo.

Les alinisikia nikilia. Alitoka na kigari chake cha kutembelea, hatua ndogo ndogo, bila barakoa, akaketi kwenye ngazi ya mlango. Sheria haikuruhusu, na mimi sikumkumbusha. Aliuliza ni nani. Nikasema ni mama. Akauliza jina lake, nikamwambia, Anne-Marie. Alizaliwa wapi, na mwaka gani? Mwaka hatuujui, nikasema, walisema ulikuwa mwaka wa njaa. Baba yake aliitwa nani? Aliniuliza polepole, kama tulivyozoea kuulizana habari za watu wake, na kila jibu alilirudia kwa sauti ili nijue limesikika. Tulikaa pale mpaka jua likashuka nyuma ya mapaa. Hayo ndiyo matanga niliyomfanyia mama yangu, mimi na Mzungu mmoja asiyeona vizuri.

Basi nisikilize. Nyinyi watoto wa hapa mnacheka mila zetu, mimi sikuambii uziache. Ukiweza kuwapa watu mikono ya kuwadaka, wape. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua, na anayeumbuka mara nyingi si mficha, ni yule aliyefichwa. Habari mbaya ikiwa ya mtu, ni mali yake, mpe. Kama yuko mbali, mpigie simu na usiikate. Lia naye mpaka achoke. Kama umekatazwa kuingia, simama kwenye dirisha lake. Usimwache akamchukia marehemu kwa kosa la kutopokea simu.

Na wewe unayenyamaziwa, kabla hujanuna, uliza. Uliza mara mbili, uliza kwa ukali ukilazimika. Huenda anayekunyamazia anakupenda mno, au hana tena mdomo wa kusemea.

Mungu akulinde, mwanangu, wewe na wote walio wako, wa hapa na wa kule ng'ambo. Siku yako ya habari mbaya itakapofika, maana itafika, Mungu akupe nyumba iliyojaa watu. Na kama watu watakosekana, akupe mmoja tu atakayekuwa na moyo wa kukuambia.